Mdogo wangu ameanguka kutoka juu ya fuso, pingili ya L1 imevunjika: ni lazima awekewe vyuma?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, ni kuli pale mwaloni Kirumba. Wiki mbili zilizopita alikuwa juu ya fuso akipanga magunia ya dagaa, kamba ikakatika, akaanguka na kukalia makalio. Wenzake walimpakia bodaboda mshikaki hadi zahanati, na kutoka hapo akapelekwa hospitali. Kwenye karatasi ya CT, ile picha ya kompyuta, wameandika L1, A3, na kwamba kuna kipande cha mfupa kimesogea nyuma. Miguu anaichezesha, anatembea polepole hadi chooni, haja zote anapata. Daktari amesema hapasuliwi, kampa dawa za maumivu na mkanda mgumu, kamruhusu. Nyumbani hapakaliki. Mjomba anasema tumpeleke Dar akawekewe vyuma kabla hajapooza. Mama anataka twende kwa mzee mmoja upande wa Sengerema anayeunga mifupa: anavunja mguu wa kuku, kuku akitembea na mgonjwa anatembea. Jirani naye anasema alale miezi sita juu ya ubao bila kuinuka, na kweli tumeng'oa mlango wa stoo tukamlaza juu yake. Tumsikilize nani? Na kile kipande cha mfupa hakitakata uti wa mgongo siku moja akigeuka vibaya?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana. Nitaanzia mwisho wa barua yako, kwenye kile kipande, maana naona hofu yote ya nyumbani imekaa hapo.

Lugha yetu yenyewe inatuchanganya kidogo. Tukisema "uti wa mgongo" mara tunamaanisha ule mlolongo wa mifupa unaoupapasa katikati ya mgongo, mara tunamaanisha ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake. Kisha kuna homa ya uti wa mgongo, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, na UTI ya mkojo ambayo kila mtu mjini anayo. Nimewahi kupokea mgonjwa ambaye barua yake ilisema "uti umevunjika", na ndugu zake korido nzima wanabishana kama dawa za mkojo zingetosha. Kwa hiyo leo tugawane maneno. Mifupa nitaiita pingili. Mshipa wa fahamu uliomo ndani nitauita uti. Kilichovunjika kwa mdogo wako ni pingili. Uti wake, kwa namna ulivyomweleza, unafanya kazi.

Pingili ziko 7 shingoni, 12 kifuani, 5 kiunoni, halafu chini kuna mfupa wa nyonga ulioungana. L1 ni ya kwanza ya kiuno. Haikuvunjika kwa bahati mbaya tu. Pingili za kifua zimeshikwa na mbavu, hivyo hazichezi sana, ila za kiuno ziko huru ndizo zinazotuwezesha kuinama na kujipinda. Pale sehemu ngumu inapokutana na sehemu laini ndipo nguvu ya kuanguka hujikusanya, kama fimbo ya uvuvi inavyokatikia pale inapotoka kwenye mpini. Ndiyo maana mtu akianguka kutoka kwenye mwembe, juu ya bati au juu ya lori, tunakuta tena na tena ni T12, yaani ya mwisho ya kifua, au L1. Na aliyetua kwa miguu tunampapasa visigino pia, kwa sababu kisigino na L1 huvunjika pamoja mara nyingi kiasi kwamba nikiona kimoja namtafutia cha pili.

Sasa kaka huyu alitua kwa makalio. Uzito wa mwili wote wa juu ulishuka ukakandamiza L1 kutoka juu, na ardhi ikaisukuma kutoka chini. Chukua kopo la maziwa tupu, ulisimamishe, ulikanyage kwa kisigino. Likibonyea upande wa mbele tu, hiyo tunaiita A1: pingili inakuwa kama kabari, mbele fupi, nyuma kimo kilekile. Likipasuka na kutanuka pembeni na nyuma, hiyo ni A3 au A4. A3 ndiyo yake. Nyuma ya pingili ndipo lilipo bomba la uti, kwa hiyo kipande kilichorudi nyuma kimeingia kwenye nafasi ya bomba hilo.

Hapa ndipo watu hukosea kuisoma picha, na siwalaumu, maana inatisha. Mnaona kipande kimechungulia ndani ya bomba mnadhani kiko njiani, kinaendelea kusogea. Hakiko hivyo. Sekunde ile aliyotua ndipo kipande kilipoingia ndani zaidi, kisha kikarudishwa na kano zilizokishika, kikatulia pale CT ilipokikuta. Kama kingeuumiza uti kwa nguvu ile, mngejua siku ileile: miguu ingekuwa mizito au imekufa ganzi, mkojo ungegoma. Miguu yake inatembea. Isitoshe, mwili wenyewe hukila kipande cha namna hiyo taratibu. Ukirudia CT baada ya mwaka, kwa wengi bomba huwa limepanuka tena bila mtu yeyote kuligusa kwa kisu. Nilipokuwa mwanafunzi jambo hili lilinishangaza kuliko mengi niliyofundishwa.

Basi mbona wengine wanapasuliwa? Mwaka 1983 daktari mmoja, Francis Denis, alipendekeza tuutazame mgongo kama nguzo tatu zilizosimama moja nyuma ya nyingine: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Mpangilio wake umerekebishwa sana tangu hapo, na herufi A, B na C tunazoandika leo zimetoka kwenye mpangilio mwingine, lakini wazo lake bado ni zuri kueleza nyumbani. Kwa mdogo wako nguzo ya mbele na ya kati zimeumia. Swali kubwa ni la nyuma: je, kano zinazofunga pingili kwa nyuma zimebaki nzima? Zikiwa nzima, mgongo una kamba ya kuushikilia wakati mfupa unaunga. Zikichanika, hiyo ni B. Pingili ikihama kabisa kutoka kwenye mstari wake, hiyo ni C. Hizo mbili kwa kawaida zinahitaji skrubu na vyuma, na hatuzichelewesh​i. Aliyeandika A3 ametazama nyuma na hakuona kuchanika.

Kwa hiyo, dada, aliyemruhusu hakumtelekeza. Mtu mwenye A3, miguu yenye nguvu, haja zinazotoka vizuri na mgongo ambao haujapinda sana anaweza kutibiwa bila kisu, na watafiti waliofuatilia wagonjwa wa aina hii kwa miaka wamekuta waliopasuliwa na wasiopasuliwa wanafika mwisho wakiwa karibu sawa kwa maumivu na kwa uwezo wa kufanya kazi. Aliyepasuliwa huwa na nafuu mapema zaidi na mgongo wake unanyooka vizuri zaidi kwenye picha. Lakini amebeba hatari za usaha, za damu kupotea, za skrubu kulegea au kukaa vibaya, na pengine kurudi mezani kuvitoa vyuma. Mimi napasua migongo, ndiyo kazi yangu, na A3 ya namna hii siifungui.

Mwambie mjomba kwa heshima zote kwamba hoja yake ingekuwa na uzito kama kungekuwa na udhaifu wa miguu, au pingili ingekuwa imepoteza zaidi ya nusu ya kimo chake, au mgongo umepinda mbele kiasi cha nyuzi 30 hivi, hapo wengi wetu tunaanza kuwaza vyuma. Na hata ingekuwa hivyo, mahali pa kuanzia ni hapa hapa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya Bugando, ndipo waamue kama kuna haja ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kumkalisha kwenye kiti cha basi zaidi ya kilomita 1,000 akiwa na wiki mbili tu tangu avunjike ni adhabu ambayo pingili yake haikustahili.

Lakini kuna jambo moja hukulitaja, nami nataka ulifuatilie kesho. Je, amepigwa eksirei akiwa amesimama? Picha zote za mwanzo hupigwa mgonjwa amelala, na pingili iliyovunjika ikilala huonekana imetulia kama mtoto aliyeshiba. Ukimsimamisha, uzito ukaja, ndipo utajua tabia yake. Akiwa amevaa mkanda wake apigwe picha ya ubavuni amesimama, ilinganishwe na ile ya kwanza. Kama mpindo umebaki uleule au umeongezeka kidogo tu, tunaendelea. Kama pingili imeshuka sana, au kusimama kunamletea maumivu yasiyovumilika, basi pengine kano za nyuma zilichanika bila CT kuonyesha, na MRI, picha inayoonyesha hata kano, itasema. Hapo mazungumzo ya upasuaji yanafunguliwa upya, na daktari wake hatakuwa amekosea, ndivyo matibabu haya yanavyokwenda. Picha hiyo irudiwe karibu na wiki ya 6 na tena wiki ya 12.

Twende kwa mama. Mzee wa kuku. Sitamtukana, kwa sababu kwa mfupa wa mkono uliovunjika bila kuhama, mfupa huunga wenyewe ukitulizwa, na mzee akifunga vijiti vyake vizuri mgonjwa anapona na kuku anapata sifa. Mgongo ni habari nyingine. Hata yeye havunji mgongo wa kuku, anavunja mguu, kwa sababu anajua kuku aliyevunjwa mgongo hataamka. Kinachonitisha si kuku. Ni kukanda, kuvuta na kunyoosha kunakofuata. Kano za nyuma ndizo zinazomlinda mdogo wako sasa hivi, na mtu anayemlaza kifudifudi akamkandamiza kwa magoti anaweza kuigeuza A kuwa B mchana kweupe. Kama mama hatatulia bila mzee, mwacheni mzee aje nyumbani, aombe dua, ale ugali, asimguse mgongo.

Jirani wa ubao alikuwa sahihi miaka mingi iliyopita, tulikuwa tunafanya hivyohivyo. Katika hospitali moja niliyofanya kazi nikiwa bado mchanga, nilimlaza mama mmoja chali wiki nane kwa pingili ambayo leo ningemwinua siku ya tatu. Pingili iliunga vizuri sana. Kilichokuwa kinaninyima usingizi wakati ule ni kidonda cha kulalia juu ya makalio, ambacho nilikigundua kikiwa na upana wa sahani ya kikombe, na kilichukua muda mrefu kupona kuliko mfupa. Mtu akilala muda mrefu damu huganda kwenye miguu, mapafu hujaa makohozi, misuli ya mgongo, ile ile inayotakiwa kuushikilia mfupa, inanyong'onyea. Godoro la kawaida lisilobonyea katikati linatosha. Aamke, atembee uani mara nyingi kwa vipande vifupi. Kukaa kunabonyeza pingili kuliko kusimama, kwa hiyo asikae kwenye kigoda cha chini saa nzima anaangalia mpira.

Kuhusu mkanda. Ule mgumu, wa gamba la plastiki unaoshika kifua na kiuno, ndio tunaouzungumzia. Mkanda laini wa mpira unaouzwa madukani haushiki L1, unapasha tu kiuno joto. Nitakuambia ukweli ambao wengine hawapendi kuusema: kwa A3 isiyogusa mishipa ya fahamu, waliovishwa mkanda na wasiovishwa wamelinganishwa, na matokeo yalikaribiana. Kama mngekuwa hamna mkanda ningewaambia msiuze mbuzi kwa ajili yake. Mimi navisha wengi kwa sababu unamkumbusha kijana wa miaka 31 asiiname kuokota simu. Avalie akiwa amelala, ageuzwe mzimamzima kama gogo, bega na nyonga pamoja, chini avae singlendi safi ya pamba, na muibadilishe kila siku, maana joto la mchana la Kirumba chini ya plastiki litamletea upele haraka.

Maumivu yatakuwa makali wiki za mwanzo kisha yashuke. Parasetamo ya kawaida, gramu 1 kila baada ya saa sita na isizidi gramu 4 kwa siku, ndiyo msingi. Dawa kama diklofenaki zinasaidia ila zinachoma tumbo na kuumiza figo, asizinunue dukani kila akiishiwa. Zile kali walizompa hospitali zinafunga choo, na kujikamua ukiwa na L1 iliyovunjika ni mateso, kwa hiyo maji mengi, papai, mboga. Sigara aache, inachelewesha mfupa kuunga.

Na supu ya kongoro mnayompikia, najua mnampikia, si mbaya, ila madini ya mfupa hayahamii kwenye mchuzi kama tunavyofikiri. Kinachojenga mfupa amekuwa akikibeba mgongoni miaka yote: dagaa. Analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo chokaa yote inaingia. Mpeni dagaa, maharage, mayai yakipatikana.

Mfupa wa pingili huchukua wiki 8 hadi 12 kuunga. Baada ya hapo mkanda unaondolewa na mazoezi ya misuli ya mgongo na tumbo yanaanza kwa mtaalamu wa viungo. Magunia ndiyo habari ngumu. Kabla ya miezi mitatu asiinue hata ndoo ya maji. Kati ya miezi mitatu na sita kazi nyepesi. Baada ya miezi sita wapo wanaorudi kwenye ukuli, na wapo ambao mgongo unawakatalia kila wakibeba. Kibiongo kidogo kinaweza kubaki, ukipapasa utakisikia, na maumivu ya hapa na pale siku za baridi. Ningekuwa mimi ningeanza sasa kuongea na tajiri wake ampe kazi ya kuhesabu magunia au kukaa kwenye mizani. Kama gharama za kurudia picha zinawalemea, ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali ipo kwa kazi hiyo, ulizeni mapema kabla deni halijakua.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Mkimbizeni hospitali usiku huohuo, msisubiri kliniki, endapo mguu mmoja au yote itaanza kuwa mizito au kujikwaa. Endapo atapata ganzi pale mwili unapogusa tandiko la baiskeli, yaani makalio kwa ndani na sehemu za siri. Endapo kibofu kitajaa asiweze kukojoa, au mkojo na choo kumtoka bila kujua. L1 ndipo uti unapoishia na mishipa inayokwenda chini inapoanza kusambaa kama mkia wa farasi, na mishipa ikibanwa hapo saa zina thamani. Wanaume huona aibu kusema habari za sehemu za siri kwa dada yao. Mwambie mmoja wa wenzake wa mwaloni amuulize.

Na wenzake hao wapewe somo la mshikaki. Mtu aliyeanguka akalalamikia mgongo hakalishwi katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Anaachwa alivyo, anageuzwa na watu wanne kwa pamoja kama gogo, anawekwa juu ya ubao na kupakiwa kwenye gari hata kama ni kirikuu cha samaki. Mdogo wako alikuwa na A3 ndiyo maana safari ile haikumpoozesha. Angekuwa na C, barua yako ingekuwa nyingine.

Kwa wasomaji wengine ambao mtaona herufi hizi kwenye karatasi za wazazi wenu, majibu haya ni ya kijana aliyeanguka. Bibi wa miaka 70 ambaye pingili imebonyea baada ya kuinua ndoo tu ana tatizo la mifupa kukonda, na hiyo inatibiwa kivyake. Na mtu yeyote ambaye mgongo unauma wiki kwa wiki bila kuanguka popote, anapungua uzito, anatoka jasho usiku, na kinundu kimechomoza katikati ya mgongo, apimwe TB ya mgongo. Percivall Pott aliielezea huko Uingereza mwaka 1779, na huku kwetu bado tunaiona. Dawa zake hutolewa bure, kwa muda mrefu kuliko TB ya mapafu. Saratani pia hupenda kujificha kwenye pingili. Hao wasivishwe mkanda tu wakarudishwa nyumbani.

Leo jioni, kabla ya kula, mwombe kijana asimame akiwa ameshika ukuta, anyanyuke kwa vidole, kisha asimamie visigino, mguu mmoja mmoja. Andika kwenye daftari alivyofanya na tarehe, rudia kila baada ya siku mbili, daftari hilo uende nalo kliniki pamoja na filamu zote mbili. Nawe mama msalimie. Ule mlango mrudishe kwenye stoo, mwizi asije akawaongezea kazi.